Sura ya Saba: Kipupwe cha Dodoma na Vikabichi vya Brussels

Dodoma ina kipupwe, na bustani nyingi za nyumbani zinakipoteza bure. Mvua ikikatika kuelekea mwisho wa Aprili, majembe huingizwa stoo, matuta huachwa kwa mbuzi, na ua mzima hubaki vumbi jekundu mpaka Desemba. Watu hudhani msimu umekwisha. Kwa mtama, uwele na karanga kweli umekwisha. Kwa mboga za majani za jamii ya kabichi ndiyo kwanza unaanza.

Mji huu uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai joto la usiku hushuka mpaka karibu nyuzi 13, na la mchana huishia nyuzi 26 au 27. Hewa ni kavu, kwa hiyo magonjwa ya ukungu, yale yanayowatesa wakulima wa milimani, hupungua sana. Ikifika Oktoba na Novemba hali imegeuka: mchana unazidi nyuzi 30, usiku nao haupoi vya kutosha. Kati ya mwisho wa masika na Agosti, joto linapoanza kurudi, tuna siku takriban mia moja na ishirini. Hizo ndizo ninazozipigania katika sura hii, na nimechagua kuzipima kwa mboga isiyokubali kudanganywa: vikabichi vya Brussels.

Kwa asiyevifahamu, ni kabichi ndogondogo, kila moja kama ndimu kwa ukubwa, zinazojipanga kwenye shina moja refu kutoka chini kwenda juu. Mmea wenyewe ni ndugu wa damu wa kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli. Zote ni spishi moja, Brassica oleracea, ambayo wakulima wa Ulaya waliichagua kwa karne nyingi, kila mahali wakipendelea kiungo chake. Waliopenda majani walipata sukuma wiki. Waliopenda kichipukizi kikuu cha kileleni kivimbe na kujifunga walipata kabichi. Wakulima wa Nchi za Chini, huko yanakokaa leo mataifa ya Ubelgiji na Uholanzi, walipendelea vichipukizi vya pembeni, vile vinavyokaa kwenye kwapa la kila jani. Mpaka karne ya 18 mboga hii ilikuwa imeshajulikana kwa jina la mji wa Brussels.

Katika Afrika Mashariki mboga hii inalimwa zaidi kwenye nyanda za juu za Kenya ya kati, palipo baridi karibu mwaka mzima. Kwetu Tanzania mboga za Kizungu zina makao ya zamani Lushoto na Mgeta, na mpaka leo kabichi na karoti nyingi zinazouzwa katika masoko ya miji yetu hushuka kutoka milima ya namna hiyo. Dodoma haimo katika orodha, na sitamdanganya msomaji kwamba inastahili kuingizwa. Mtu anayetaka kulima ekari moja ya vikabichi na kuviuza, aende mlimani. Ninazungumza na mwenye ua. Tangu mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia kweli Dodoma, uamuzi uliokuwa ukisubiri tangu 1973, viwanja vimepimwa kwa wingi Nzuguni, Ilazo, Kisasa, Mtumba na kwingineko. Waliojenga humo wametoka Mbeya, Moshi, Bukoba, Dar es Salaam, na wengi wanaiangalia ardhi hii kama adhabu. Si adhabu. Ina kalenda yake tu, na kalenda hiyo inataka kuhesabiwa kwa uangalifu.

Tuanze na swali la kwa nini mboga hii ni ngumu hapa, maana jibu lake linafaa kwa bustani nzima.

Uani kwako, bila kupandwa na mtu, mvua ya kwanza ikinyesha huota mgagani na mchicha pori. Hukua mbio mbio katika joto linalonyausha kabichi. Sababu iko ndani ya jani. Mgagani na mchicha ni mimea ya kundi ambalo wanasayansi huliita C4: jani lake hukusanya hewa ya ukaa na kuisukuma mpaka kwenye chembe za ndani, hivyo linaweza kutengeneza chakula jua likiwa kali na vinyweleo vimebana nusu ili maji yasipotee. Mtama na uwele ni wa kundi hilo hilo, ndiyo maana Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wameishi navyo. Kabichi na ndugu zake wote hawana pampu hiyo. Joto likizidi nyuzi 25 hivi, sehemu kubwa ya kazi ya jani hupotea, na mmea hulazimika kuacha vinyweleo wazi ukimwaga maji hewani. Vikabichi vya Brussels hupenda nyuzi 15 hadi 18. Joto likivikuta wakati vichipukizi vinajifunga, havijifungi: hufunguka majani yakawa legelege, shina likabaki limevaa vishada badala ya vikabichi.

Lakini mgagani na kabichi si wageni mmoja kwa mwingine. Familia zao za mimea ni jirani kabisa, na zinashirikiana uchungu. Ule ukali unaoufahamu ukila mgagani usiochemshwa vizuri, na ule wa vikabichi unaowakimbiza watoto wa Ulaya mezani, hutokana na kundi moja la kemikali zenye salfa, zinazoitwa glukosinoleti. Mmea huzitengeneza kujilinda na wadudu. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Kiholanzi Hans van Doorn alibainisha ni zipi kati yake zinazoleta uchungu kwenye vikabichi, na makampuni ya mbegu yakaanza kuchagua aina zenye uchungu mdogo. Mbegu za leo kwa hiyo ni tamu kuliko zile ambazo watu wazima wa Ulaya walilazimishwa kula utotoni. Na mtu aliyelelewa kwa ugali wa uwele na mgagani ana ulimi uliokwisha kufundishwa. Mboga hii haimtishi.

Sasa kalenda. Usianze na siku ya kupanda. Anza na wiki ambayo vikabichi vinatakiwa kujifunga, kisha rudi nyuma. Wiki hizo kwa Dodoma ni za Juni katikati mpaka mwisho wa Julai, wakati wa baridi kuliko yote. Aina za muda mfupi, kama chotara ya zamani Jade Cross, huchukua karibu siku 90 tangu kuhamishwa kitaluni hadi kuanza kuvuna. Aina za muda mrefu, zinazozidi siku 120, waachie watu wa Ulaya. Ukirudi nyuma siku 90 kutoka katikati ya Julai unafika katikati ya Aprili: hiyo ndiyo siku ya kuhamisha miche. Mche unataka wiki nne mpaka tano kitaluni, kwa hiyo mbegu iingie udongoni kati ya tarehe 8 na 15 Machi. Ukichelewa mwezi mmoja, vichipukizi vitaendelea kujifunga mpaka mwisho wa Agosti, joto likianza kurudi. Ukichelewa miezi miwili umepanda sukuma wiki ya gharama kubwa.

Machi bado ni masika. Kitalu kikae juu, tuta lililoinuliwa sentimita 15 ili maji ya mvua yasituame, na juu yake kijengwe kichanja cha nyasi au kitandikwe neti ya kivuli inayozuia jua la mchana. Mbegu ziwekwe sentimita moja chini ya udongo. Zikiota, kivuli kipunguzwe kidogo kidogo; mche uliokulia gizani huwa mrefu na mwembamba, na shina la namna hiyo halitabeba kitu Julai.

Shamba la kudumu ni kinyume cha kitalu. Hapa tuta lishuke chini. Chimba kipande chenye upana wa mita moja na kina cha sentimita 25, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, urudishe mpaka kibaki kimezama kama kiganja kimoja chini ya usawa wa ua. Maji unayomwaga yatabaki humo, na upepo utapita juu. Samadi haina shida Dodoma. Hii ni nchi ya ng'ombe na mbuzi, na maboma yana akiba ya miaka. Shida ni uvumilivu. Samadi mbichi huchoma mizizi na kuleta magugu. Iliyokaa miezi sita chini ya kivuli, ikapoteza harufu, ndiyo ya kuweka, ndoo mbili kwa kila mita ya mraba. Usiongeze mbolea ya kukuzia, yaani ya naitrojeni, baada ya vichipukizi kuonekana, maana vitakua haraka mno na kulegea.

Miche ipishane sentimita 60 kila upande. Inaonekana ni upotevu wa nafasi, lakini mmea huu hufika mita moja kwenda juu na majani yake ni mapana. Ukishapandikiza, kanyagia udongo kuzunguka shina kwa kisigino. Ndiyo, kwa kisigino. Mmea wenye kichwa kizito juu na mizizi iliyolegea chini hutikiswa na upepo, mizizi midogo hukatika kila siku, na vichipukizi hulegea kana kwamba vimepigwa na joto. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma hapa Juni mpaka Septemba si wa kudharau. Kila aliyeanua nguo Julai zikiwa na vumbi anaujua. Panda upande wa ukuta unaokinga upepo huo, au simamisha uzio wa mabua ya mtama, na kila mmea ufungiwe kijiti.

Maji ndiyo yatakayomfanya mtu aamue kupanda au kuacha, kwa hiyo tuyahesabu waziwazi. Kwa ukavu wa hewa ya kipupwe hapa, bustani iliyofunikwa na majani hupoteza takriban milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kila mmea wetu umekalia eneo la mita za mraba 0.36, kwa hiyo ukiwa mkubwa unakunywa chini kidogo ya lita mbili kwa siku. Miche kumi, ndoo moja ya lita 20. Miche ikiwa midogo hutumia nusu ya hapo au pungufu. Kwa nyumba inayopata maji ya bomba kwa mgao, ndoo moja ni kitu, si mzaha, ila sehemu yake kubwa tayari inamwagwa: maji yaliyooshea mchele, yaliyooshea mboga, yaliyosuuzia nyanya. Ya sabuni ya unga yaache, yana chumvi. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, mara moja kila siku mbili kwa wingi kuliko kidogo kidogo kila siku. Kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au maganda ya karanga, unene wa vidole vinne. Kwenye visima vyenye maji ya chumvichumvi, jamii ya kabichi huvumilia kuliko maharage na karoti, lakini nayo ina mpaka wake. Majani yakianza kuungua pembezoni, mwaga maji mengi mara moja chumvi ishuke chini ya mizizi.

Nimekaa sana kwenye maji. Ila kinachoua jamii ya kabichi katika ukanda mkavu, kwa macho yangu, mara nyingi ni wadudu, na wa kwanza si yule anayetajwa vitabuni.

Vitabuni anatajwa nondo wa kabichi, Plutella xylostella, kiwavi mdogo wa kijani anayetoboa majani na kuning'inia kwa uzi ukimgusa. Ni adui wa kweli. Amezoea sumu nyingi kiasi kwamba kupuliza ovyo humsaidia yeye, kwa kuwaua maadui zake. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kiliamua kupambana naye kwa njia nyingine: mwaka 2002 kilianza kuachia nchini Kenya nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, ambaye hutaga yai ndani ya kiwavi, na buu anayetoka humla kiwavi huyo akiwa hai. Milimani kazi yake imeonekana wazi. Lakini nyigu huyo ni wa baridi, na kwa maeneo makavu ya chini watafiti walitafuta nyigu wa jamii nyingine, Cotesia, kutoka Afrika Kusini. Funzo kwa mwenye ua ni dogo na la maana: usipulize sumu ya dukani kwenye miche kumi. Geuza majani kila baada ya siku mbili, upande wa chini, ponda mayai na viwavi kwa vidole. Kwa bustani ya ukubwa huo ni kazi ya dakika chache.

Anayesahaulika ni Bagrada. Ni mdudu mwenye mwili wa ngao, mdogo kuliko mbegu ya tikiti, mweusi mwenye madoa ya rangi ya machungwa na meupe. Anapenda joto na ukavu, yaani anapenda Dodoma. Hufyonza, hatafuni, kwa hiyo jani halina tundu. Lina mabaka meupe yaliyokauka, watu wakadhani ni jua. Akifyonza kichipukizi cha kileleni cha mche mchanga, mche huo haukui tena. Tofauti na ndugu zake wengi, hutaga mayai udongoni, hivyo kufukua kidogo udongo wa juu kuzunguka mche kila wiki, kabla ya kuweka matandazo, huyaanika na kuyaua. Mtafute saa sita mchana, si asubuhi; asubuhi hujificha, jua likiwaka hupanda juu ya majani wakiwa wawili wawili, dume na jike wameunganishwa nyuma. Wakung'ute ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Na ng'oa mgagani pori ulioota karibu, maana ndipo anapongojea.

Vidukari wa kijivu watakuja Julai, wakijaa katikati ya vikabichi vyenyewe. Mwarobaini umejaa mitaani kwetu na hapa unafaa kweli. Mbegu ina nguvu kuliko jani. Kausha mbegu kivulini, menya, twanga kiini, loweka gramu 50 za unga wake kwa kila lita ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha sabuni ya maji, pulizia jioni. Jioni, kwa sababu jua huvunja dawa hiyo mapema. Rudia kila wiki.

Mwishoni mwa Juni vichipukizi vya chini vikifika ukubwa wa punje ya njugu mawe, kata kilele cha mmea. Nguvu iliyokuwa ikienda juu itagawanyika kwa vikabichi vyote, navyo vitakomaa kwa pamoja. Katika nchi yenye kipupwe kirefu mkulima anaweza kuacha hatua hii. Sisi tunakimbizana na Septemba, hatuwezi. Kilele ulichokikata ni mboga laini kuliko sukuma wiki yoyote. Kipike siku hiyo hiyo.

Na hapa ndipo ninapoitetea mboga hii kwa moyo wote. Majani yake yanaliwa. Kadiri vikabichi vinavyokomaa kutoka chini, majani ya chini huchumwa, mawili matatu kwa kila mmea kwa wiki, yakaingia chunguni kama sukuma. Usiyamalize, maana ndiyo yanayovilisha vikabichi vya juu. Ila hata kipupwe kikiwa kifupi mwaka huo, hata vichipukizi vikilegea vyote, familia imekula majani miezi mitatu. Ya ziada yachemshwe kidogo, yaanikwe kivulini, yakaushwe. Ugogo unajua kukausha mboga kuliko mahali pengi Tanzania. Mlenda na majani ya kunde vilivyokaushwa ndivyo vilivyowavusha watu miezi ya njaa, na hakuna sababu majani ya mmea huu yasiingie kwenye kapu hilo hilo.

Vikabichi huvunwa kuanzia chini, vikiwa vigumu ukivibonyeza, kwa kuvisokota pembeni mpaka vikatike. Ulaya husubiri sakitu ndipo wavune, kwa sababu baridi kali huufanya mmea ugeuze wanga kuwa sukari. Hapa sakitu haipo. Tunachoweza ni kuvuna alfajiri, baada ya usiku wa baridi, na kupika siku hiyo. Wapishi wengi huiharibu mboga hii kwa kuichemsha mpaka irojoke. Ikikaa motoni muda mrefu salfa yake hutoka na nyumba nzima hunuka yai viza. Kata kila kimoja katikati, weka sufuria kavu yenye mafuta ya alizeti ya moto, upande uliokatwa ukiangalia chini, acha uwe kahawia kwa dakika nne, geuza, nyunyiza maji kidogo na chumvi, funika dakika tatu. Au ipike kama tunavyopika mgagani, kwa karanga zilizotwangwa na maziwa, navyo hutuliza uchungu uleule kwa namna ileile. Mimi naona ya pili ni bora, hasa kwa ugali wa mtama.

Katikati ya Agosti joto huanza kupanda tena. Ng'oa kila kitu kabla Septemba haijaisha, hata mmea ukionekana bado una uhai, kwa sababu mabua yaliyoachwa ndiyo nyumba ya Bagrada na vidukari mpaka msimu ujao. Mabua wape mbuzi. Kipande hicho cha ardhi kipumzike chini ya matandazo, na mvua za Desemba zikianza panda humo kunde. Usipande mgagani hapo mwaka huo. Ni ndugu wa karibu mno, na wadudu wa kabichi huujua.